Nairobi hadi New York: kilomita za simu na saa za safari

Msikilizaji wetu mmoja alituandikia akiwa msibani. Kaka yake anaishi New York, wazee wanataka kutaja siku ya mazishi, na kila mtu pale nyumbani ana hesabu yake. Simu inasema ni kilomita 11,850 hivi. Sasa kaka atafika lini?

Tuanze na hizo kilomita. Simu hupima njia fupi kuliko zote juu ya dunia, na dunia ni ya mviringo. Kwenye ramani ya ukutani ungedhani ndege itapita juu ya Burkina Faso. Lakini ukipata tufe la dunia, lile la shuleni, vuta uzi kutoka Nairobi hadi New York. Utaona unapanda kaskazini, unakata Sahara, unapita Algeria na Morocco ndipo uingie Atlantiki.

Rubani naye hafuati uzi huo barabara. Hukwepa dhoruba, na hukwepa vita. Mapigano yalipozuka Sudan Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa, na ndege zilizozoea kupita huko zikalazimika kuzunguka.

Halafu kuna upepo. Huko juu, kama kilomita kumi kutoka ardhini, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja, Oktoba 28, 2018, ilipanga takriban saa 15 kwenda New York na 14 kurudi. Umbali ni uleule. Kaka anayerudi nyumbani husukumwa na upepo.

Hayo ni kama amepata ndege ya moja kwa moja. Akipitia Dubai, ataruka karibu kilomita 11,000, kisha nyingine 3,500 na ushee hadi Nairobi. Jumla inavuka 14,500, na bado hatujahesabu saa za kukaa uwanjani akingoja ndege ya pili. Hapa ndipo hesabu za msiba huharibika, si kwenye kilomita.

Tuseme anaondoka New York saa sita mchana, mwezi wa Julai, bila kupitia kokote. Kenya wakati huo ni saa moja jioni. Ongeza saa 14: anatua saa tatu asubuhi ya kesho yake. Ikiwa ni Januari, ongeza saa moja, kwa sababu Wamarekani hurudisha saa zao nyuma majira ya baridi. Kisha kuna foleni ya pasipoti, mizigo, na barabara ya kwenda kijijini, ambayo wazee wanaijua kuliko sisi.

Kwa hiyo muulize kaka saa ya kutua Nairobi, si ya kuondoka. Tiketi huiandika kwa saa za Kenya, ila kwa mtindo wa Kizungu: 09:00 ndiyo saa tatu yetu ya asubuhi, na 21:00 ni saa tatu ya usiku. Angalia na tarehe pia, maana siku huwa imebadilika njiani.