Niliokota Milango, Nyumba Zikabaki Mwambani

Ukitaka kuujua ufuo wa Bofa, hapo Kilifi, msomaji mpenzi, nenda siku za bamvua. Maji hukupwa mbali, mchanga mweupe ukabaki wazi na mwamba ukajitokeza. Hapo ndipo nilipokwenda na kikapu changu, maana nilikuwa nimewaahidi watoto wa mtaani kwetu kuwaonyesha magamba ya wanyama wa baharini wenye magamba mawili, kila moja na jina lake.

Niliokota asubuhi nzima. Nyumbani nikayapanga kwa rangi na ukubwa: meupe huku, ya zambarau kule. Nikaandika daftarini: aina 14. Nikajiona mwanachuoni!

Kesho yake nikarudi, nikamkuta bibi mmoja akibandua chaza mwambani kwa kipande cha chuma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wafanya nini na takataka hizo?"

Nikamwonyesha kikapu. Akachagua, akacheka. "Mwanangu, hivi umeokota milango tu. Nyumba zenyewe ni hizi hapa."

Naam, alisema kweli. Chaza wa mwambani hujigandisha jiweni kwa gamba lake moja lenye kina, na hilo halitoki kwa urahisi. La juu ni bapa, ndilo linalofunguka. Chaza akifa, huo mlango hung'oka ukachukuliwa na mawimbi. Mimi nilikuwa nimeuandika kuwa aina moja, na vile vipande vichache vyenye kina nikaviita aina nyingine. Mnyama mmoja nimempa majina mawili! Ningewafundisha watoto uongo, nao wangeushika.

Basi nikaanza upya. Rangi hudanganya, kwani jua na chumvi huifuta. Tazama kwanza bawaba, pale magamba mawili yanapokutana. Kombe wa mchangani, yule mwenye mbavu mgongoni, ana meno madogo mengi yaliyojipanga mstari mmoja kama kitana. Huyo Carl Linnaeus wa Uswidi alimwandika mwaka 1758, na leo wataalamu humwita Anadara antiquata. Chaza wa mwambani hana meno ya namna hiyo.

Kisha geuza gamba uangalie ndani. Utaona makovu pale msuli uliposhika: kombe ana mawili, chaza ana moja kubwa. Uone pia mstari unaofuata ukingo. Ukiwa umepinda kuingia ndani mfano wa ghuba, basi mwenyewe alikuwa akijifukia mchangani na kuvuta maji kwa mirija. Chaza wa lulu naye hujulikana kwa mng'aro wa ndani. Ni katika jamaa zake inapotoka lulu, ile iliyotajwa pamoja na marijani katika Surat Ar-Rahman.

Na hilo neno kombe, je, si letu? Kombe ni gamba, kombe ni sahani kubwa, na kikombe ni mtoto wake. Mgonjwa akiandikiwa aya kwa zafarani, twasema anywa kombe. Wahenga walilijua gamba kabla ya sisi kulitafutia vitabu.

Nilimwuliza yule bibi majina ya yaliyobaki kikapuni. Akataja manne, kisha akanyamaza. "Mengine aliyajua mama," akasema. "Sikumwuliza."

Sasa daftari langu lina aina 9, na yale majina manne nimeyaandika mbele ya majina ya kitaalamu. Watoto nimewaonyesha mlango na nyumba, nikawausia pia: gamba lililofumba kwa nguvu lina mwenyewe ndani, liacheni. Na katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizowekwa tangu 1968, hata tupu haliokotwi.

Ewe msomaji, kama kwenu yupo mzee aliyezoea mwambani, mwendee bamvua hii na daftari. Usingoje ijayo.