Mvua Ikikatika, Tusifupishe Siku za Muhogo

Sisi wa Tabora tunazijua mvua zetu. Huanza Novemba, tukapanda mahindi kwa matumaini. Kisha Januari au Februari jua huwaka mfululizo, na mahindi hunyauka kabla ya kubeba. Hapo ndipo tunapoukimbilia muhogo, zao linalovumilia ukame. Lakini mwaka wa jua kali, muhogo huohuo waweza kutudhuru tukiuandaa kwa haraka.

Muhogo mchungu una sumu iitwayo sianidi. Mmea ukikosa maji, sumu hiyo huongezeka. Na wakati huohuo njaa imebisha hodi, kisima kimekauka, na mama hana maji ya kutosha kuloweka. Siku tatu au nne zinakuwa moja. Hatumlaumu, watoto wanalia. Lakini sumu inabaki katika ugali.

Sumu ikiwa nyingi, saa chache baada ya kula mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kutapika. Mpelekeni hospitali upesi. Akila muhogo wenye sumu kwa wiki nyingi, bila maharage wala samaki, anaweza kupatwa na konzo: miguu yote miwili hukakamaa ghafla, na ulemavu huo hauponi. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Konzo haiambukizi, wala si kulogwa, tusimsingizie jirani.

Haya yametokea kweli. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu mkoani Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985 konzo ilizuka hapa kwetu Tanzania, wilayani Tarime, mkoani Mara.

Basi tufanyeje?

1. Menya muhogo, uloweke siku tatu au nne mpaka ulainike, kisha uanike juani hadi ukauke kabisa. Kuanika peke yake hakutoshi kwa muhogo mchungu.

2. Kama una shaka na unga, fanya hivi. Weka unga katika bakuli na utie alama ulipofikia. Ongeza maji kidogokidogo huku ukikoroga: kwanza unga utashuka, halafu utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha kuongeza maji. Tandaza unga huo juu ya mkeka safi, unene usizidi sentimita 1. Uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu itoke na kupotea hewani. Songa ugali siku hiyohiyo. Njia hii haihitaji maji mengi.

3. Kisamvu nacho kitwangwe vizuri na kuchemshwa sana.

4. Ugali wa muhogo uliwe na maharage, karanga, dagaa au yai. Vyakula hivi huupa mwili nguvu ya kuondoa sumu. Ikiwa mboga ni chache, watoto na mama waanze kupakuliwa.

Akina baba, kazi hii si ya mama peke yake. Mwenye baiskeli achote maji, ili muhogo upate siku zake. Na katika jumuiya zetu, mwenye akiba ya maharage amkumbuke jirani anayekula ugali mtupu. Mvua hatuiamrishi, bali siku za kuloweka zimo mikononi mwetu.