Tumsikilize na Mama wa Kambo

Jioni moja tulikuwa Visiga, wilayani Kibaha, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Tulikaribishwa katika ua wa bibi mmoja mwenye wajukuu wengi. Baada ya chakula watoto walitandika jamvi, bibi akaita "Paukwa!", nao wakaitika "Pakawa!" Hadithi ilikuwa ile ambayo kila mmoja wetu amekua nayo: binti yatima, baba asiyesema neno, na mama wa kambo ambaye kila kukicha humtuma yule yatima kuteka maji mbali ili asirudi.

Hadithi ilipokwisha, mjukuu mmoja wa kike, ambaye hajatimiza miaka kumi, aliuliza: "Bibi, na yeye mama wa kambo alikuwa anataka nini?" Watu wazima wakacheka. Bibi akafikiri kidogo, kisha akajibu: "Mjukuu wangu, hilo mimi sikuliuliza nilipohadithiwa." Tuliondoka na swali hilo, nasi leo twapenda kuwashirikisha wasomaji wetu, wa visiwani na wa bara, pamoja na maofisa waliokabidhiwa dhamana ya elimu na utamaduni.

Swali la mtoto yule si geni duniani. Huko India limeulizwa kwa karne nyingi, na aliyeulizwa habari zake ni mama wa kambo vilevile. Wenyeji wa Unguja na wa Dar es Salaam wanawajua majirani zao Mabaniani, ambao mahekalu yao yapo Hurumzi na katika mtaa wa Kisutu. Kila mwaka, inapofika sikukuu ya Diwali, majirani hao huwasha taa, na miongoni mwa mambo wanayoyakumbuka ni kurudi nyumbani kwa Rama, baada ya kukaa ugenini miaka 14. Taa hizo wengi wetu tumeziona. Ni wachache waliopata kuuliza ni nani aliyemtoa Rama nyumbani.

Aliyemtoa ni Kaikeyi, mmoja wa wake watatu wa Mfalme Dasharatha wa Ayodhya. Utenzi mkuu wa Ramayana unaeleza kwamba mfalme alipokwisha kutangaza kuwa Rama, mwana wa mke mwenziwe Kaikeyi, ndiye atakayetawazwa, Kaikeyi alidai mambo mawili: mwanawe Bharata apewe kiti, na Rama apelekwe mwituni miaka 14. Mfalme alikufa kwa huzuni. Bharata naye alikataa kiti, akaweka juu yake viatu vya ndugu yake hadi atakaporudi. Tangu hapo jina la Kaikeyi limekuwa mfano wa mke mwenye husuda na mama wa kambo asiye na huruma.

Lakini utenzi huohuo, kwa anayeusoma kwa makini, haukuficha upande wa pili. Mambo mawili aliyoyadai Kaikeyi hayakuwa zawadi ya kuomba. Yalikuwa deni. Mumewe alipojeruhiwa vitani, yeye ndiye aliyemtoa katika hatari kwa gari la farasi, na mfalme mwenyewe akamwahidi kumtimizia haja mbili, wakati wowote atakaotaka. Tena, katika toleo la mshairi Valmiki, Rama mwenyewe anamkumbusha Bharata kwamba baba yao, alipomposa Kaikeyi, alimwahidi mkwewe kuwa ufalme utakuwa wa mtoto wa binti huyo. Kwa lugha yetu ya pwani, hiyo ilikuwa ahadi ya posa. Mfalme ndiye aliyeahidi, mfalme ndiye aliyetaka kuisahau ahadi, na aliyeikumbusha ndiye aliyebeba lawama.

Waandishi wa India hawakungoja zama zetu kulitazama jambo hili. Ipo tamthilia ya kale inayohesabiwa kuwa ya Bhasa, ambamo Kaikeyi anajieleza kwamba alikusudia kusema siku 14, ulimi ukateleza akasema miaka. Katika karne ya 16 huko Bengal, mwanamke aitwaye Chandravati aliitunga upya Ramayana, akampa Sita, mke wa Rama, nafasi kubwa ya kusimulia. Mwaka 2022 mwandishi wa Marekani mwenye asili ya Kihindi, Vaishnavi Patel, alitoa riwaya nzima ambayo Kaikeyi mwenyewe ndiye msimulizi wake. Wako waliofurahi na wako waliokasirika, kwa kuwa Rama ni mwabudiwa na kisa chake ni kitu kitakatifu. Sisi hatuna nia ya kugusa imani ya jirani. Tunachokisema ni kwamba jirani huyo, pamoja na heshima yake kwa kisa hicho, amekubali tangu zamani kisimuliwe kwa sauti zaidi ya moja.

Je, sisi tumefanya hivyo na vya kwetu? Waluo wa Kano, Kenya, wana kisa cha Lwanda Magere, shujaa aliyekuwa na mwili wa jiwe, mikuki isimpenye. Adui zake walimpa binti mzuri awe mkewe. Siku shujaa alipougua alimwambia mkewe amchanje kivuli badala ya mwili, damu ikatoka, na binti akaipeleka siri kwao. Hivyo ndivyo Lwanda alivyouawa. Tangu hapo vijana huambiwa: jihadhari na mwanamke, hasa mgeni. Mara nyingi binti huyo hatajwi hata jina. Hakuna anayeuliza kama alikubali kutolewa kama silaha, wala kama alikuwa na njia ya kuwakatalia wazee wake, ambao ndugu zao walikuwa wakifa kwa mkuki wa mumewe. Kwa watu wake yeye alikuwa askari aliyetumwa akarudi na ushindi.

Waganda nao wana Nambi, mke wa Kintu, ambaye alirudi nyumbani kwa baba yake mbinguni kuchukua ulezi wa kuku aliousahau, na nyuma yake akafuatana na nduguye Walumbe, ambaye ni Mauti. Kwa kisa hicho mwanamke huambiwa ndiye aliyeleta kifo duniani. Kosa lake, tukilipima, ni kukumbuka chakula cha mifugo ya nyumba yake. Mwandishi wa Uganda, Jennifer Nansubuga Makumbi, aliyekwisha kuandika riwaya iitwayo Kintu mwaka 2014, alilirudia suala la mwanamke wa kwanza katika riwaya nyingine mwaka 2020.

Sasa tuvilinganishe visa hivyo na kisa chetu cha pwani. Fumo Liyongo wa Pate, ambaye utenzi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, naye alikuwa hapenyeki kwa silaha, ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Aliyeitoa siri hiyo na kumchoma baba yake usingizini alikuwa mwanawe wa kiume, aliyehadaiwa na mfalme kwa ahadi ya kuozwa binti. Usaliti huo ni uleule wa kisa cha Lwanda, na labda ni mbaya zaidi, maana ni wa damu kwa damu. Lakini hatujapata kusikia mzee yeyote akiwafundisha vijana kwamba watoto wa kiume ni wasaliti. Husemwa kwamba kijana yule alikuwa mpumbavu na mfalme yule alikuwa dhalimu, na jambo likaishia hapo.

Hapa ndipo ulipo msingi wa hoja yetu. Msaliti akiwa mwanamume, hulaumiwa yeye na aliyemtuma. Msaliti akiwa mwanamke, aliyemtuma husahauliwa, na lawama huenezwa kwa wanawake wote.

Huenda msomaji akasema kwamba hizi ni hadithi tu. Tungependa iwe hivyo. Lakini katika Kanda ya Ziwa, hasa Usukumani, kwa miaka mingi wanawake vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na baadhi yao ushahidi uliotolewa dhidi yao ulikuwa macho mekundu, ambayo waliyapata kwa moshi wa kuni na samadi walizozipikia maisha yao yote. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928. Wauaji wamekamatwa na kushtakiwa. Hata hivyo sheria hufika baada ya panga, na hadithi hufika kabla yake. Kijana aliyelelewa akiamini kuwa kila balaa la nyumba lina mwanamke nyuma yake hahitaji ushahidi mwingi.

Hatusemi hadithi za wazee zifutwe au zibadilishwe. Huo utakuwa wizi wa urithi. Rai yetu ni kwamba maofisa utamaduni wa wilaya, kwa kushirikiana na mabaraza ya Kiswahili ya Bara na Zanzibar, wawaendee mabibi wa Visiga, Kisarawe, Mafia, Makunduchi na Micheweni wangali hai, wanakili visa kama wanavyovisimulia wao, pamoja na matoleo yanayopingana. Walimu wa fasihi simulizi nao, wakimaliza kisa, wawaulize wanafunzi: ni nani ambaye hakupewa nafasi ya kusema?

Wahenga walinena kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Mama wa kambo, Kaikeyi, Nambi na yule binti asiye na jina hawakuwepo shauri lao lilipokatwa. Mtoto wa Visiga amewaitia shahidi. Tulipoagana, bibi yake alituambia kwamba safari ijayo atajaribu kuisimulia hadithi ile kwa kuanzia kwa mama wa kambo, aone itamfikisha wapi. Nasi tumeahidi kurudi kuisikiliza.