Nyumbu na Mkondo wa Nishati na Maada katika Serengeti

Katika mfumoikolojia wa Serengeti, nishati hupita njia moja ilhali maada huzunguka. Nyasi hunasa nishati ya jua, nyumbu hula nyasi, na simba humla nyumbu. Katika kila hatua sehemu kubwa ya nishati hupotea kama joto. Ndiyo maana walanyama ni wachache kuliko walamajani. Naitrojeni na fosforasi hurudi udongoni kupitia kinyesi, mkojo na mizoga. Nyumbu wanaozama katika Mto Mara hulisha samaki, mamba na tumbusi, na mifupa yao huendelea kutoa fosforasi majini kwa miaka kadhaa.

Uzito wa nyumbu katika mkondo huu ulidhihirika baada ya sotoka kudhibitiwa kwa kuchanja ng'ombe. Idadi yao ilipanda kutoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni 1 mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyasi zilizokuwa zikiteketea zikaliwa, moto ukapungua, miti ikaongezeka na kuhifadhi kaboni. Kwa hiyo, kuziba njia za uhamaji wa nyumbu ni kuurudishia moto nyasi hizo, na kuirudisha angani kaboni iliyohifadhiwa.