Nyimbo za Kiladino kwa Msikilizaji wa Bariadi

Katika lugha iitwayo Kiladino mgonjwa huitwa hazino, neno lililotoka katika Kiarabu, katika shina lile lile lililotupa sisi neno huzuni; na ngoma ndogo ya mkononi, ambayo wanawake wa Uhispania na Ureno wameipiga tangu zama za kale, huitwa adufe, jina ambalo si jingine ila dufu letu, likiwa na al ya Kiarabu mbele yake. Nimeanza na maneno haya mawili ili msomaji wa Bariadi, au wa Maswa na Meatu, asidhani kwamba ninamwita kusikiliza jambo la kigeni lisilomhusu, maana nyimbo ninazotaka kuzieleza leo zimepita katika njia ambazo baadhi yake zilipitiwa pia na lugha hii tunayoandikiana, na sehemu ya safari yake ya mwisho ilifika katika mji ambao watu wake, hata leo, husalimiana kwa Kiswahili.

Wenye nyimbo hizo ni Wayahudi waitwao Wasefaradi, kwa sababu Sefarad ni jina la Uhispania katika Kiebrania. Waliishi huko karne nyingi, chini ya watawala Waislamu na chini ya watawala Wakristo, mpaka tarehe 31 Machi 1492 ambapo mfalme Ferdinand na malkia Isabella walitoa amri kwamba kila Myahudi asiyekubali kubatizwa aihame nchi kabla ya mwisho wa Julai. Ilikuwa miaka 6 tu kabla ya majahazi ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi. Wengi wa waliofukuzwa walikimbilia Moroko na Dola ya Uthmaniya, ambako Sultani Bayezid wa Pili aliwapokea, wakajenga maskani yao Istanbul, Thessaloniki, Izmir, Sarajevo na, baadaye, katika kisiwa cha Rhodes. Hawakuiacha lugha yao bandarini. Walikwenda na Kihispania cha karne ya 15 wakakitunza, ilhali Kihispania cha Uhispania kiliendelea kubadilika; wakakiandika kwa herufi za Kiebrania kama wahenga wetu wa pwani walivyokiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu; na kila mahali walipokaa wakakitia maneno ya majirani, ya Kituruki, ya Kigiriki na ya Kiarabu, hata siku ya Jumapili wakaiita alhad ili wasitamke jina la Kikristo la siku hiyo. Lugha hiyo ndiyo watu wengi leo huiita Kiladino.

Sasa nije katika mji nilioutaja. Lubumbashi, uliokuwa ukiitwa Elisabethville, ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba ya Katanga, na mara wakaanza kufika vijana wa kutoka Rhodes, kisiwa ambacho kiliingia mikononi mwa Waitalia mwaka 1912 na ambacho biashara yake haikutosha kuwalisha watoto wake wote. Kijana alitangulia, akauza vitambaa na vyakula, kisha akamwita nduguye, kisha akaletewa mchumba kutoka mtaa ule ule alimozaliwa. Na pamoja na mchumba huyo zikaja nyimbo, maana, kama nitakavyoeleza, nyimbo hizi husafiri na wanawake. Karibu na mwaka 1930 walijenga sinagogi lao, na mwaka 1937 akaja kuwaongoza rabi kijana aliyezaliwa na kusomea Rhodes, Moïse Levy, ambaye alikaa nao zaidi ya nusu karne. Watu hao walisali kwa Kiebrania, walisoma kwa Kifaransa, walizungumza Kiladino mezani, na nje ya mlango wao sokoni kulisemwa Kiswahili.

Jambo hili lingekuwa habari ndogo ya wahamiaji wachache lau si yaliyowapata waliobaki nyuma. Mwezi Julai 1944 majeshi ya Ujerumani, yaliyokuwa yameishika Rhodes, yaliwakusanya Wayahudi wa kisiwa hicho, watu zaidi ya 1,600, yakawapakia melini na kisha katika mabehewa mpaka Auschwitz. Waliosalimika hawakuzidi sana 150. Mtaa uliodumu zaidi ya miaka 400 ukawa umekwisha kwa kiangazi kimoja, na kutoka siku hiyo, aliyetaka kuzisikia nyimbo za Rhodes kama zilivyoimbwa na wenyewe ilimpasa kuzitafuta Elisabethville, Salisbury, Cape Town, Seattle, yaani kwa wale waliokuwa wameondoka mapema kwa sababu ya umaskini. Bara letu lilikuwa mmoja wa walinzi wa amana hiyo bila kujua. Baada ya uhuru wa Kongo mwaka 1960 na misukosuko iliyofuata wengi wao walihama tena, wengine wakaenda Ubelgiji, wengine Afrika Kusini, na wachache wakabaki.

Nyimbo zenyewe ni za namna nyingi, nami nitakawia katika ile iitwayo romansa, kwa kuwa ndiyo ya kale na kwa kuwa mpenzi wa mashairi ya Kiswahili ataitambua upesi. Romansa ni hadithi iliyoimbwa: habari za mfalme na binti yake, za mume arudiye vitani asitambulike na mkewe, za mateka aliyekutana na nduguye asijue kuwa ni ndugu. Mshororo wake, kwa hesabu ya Kihispania, una mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao, na kina chake hukaa mwishoni mwa utao, kikirudi kile kile mshororo baada ya mshororo kama bahari inavyorudi katika utendi. Tofauti ni kwamba wao hutosheka na irabu: maneno mawili yakiishia kwa a na o, konsonanti zake ziwe zozote, kwao yametimiza kina, jambo ambalo malenga wetu asingelikubali. Sidai kwamba shairi letu na romansa ni ndugu wa damu. Nasema tu kwamba sikio lililolelewa na mizani nane kwa nane halitapotea humo. Kando ya romansa ziko kopla, ambazo aghalabu ziliimbwa na wanaume kutoka katika vitabu vidogo siku za sikukuu, na ziko kantiga, nyimbo za mapenzi na za arusi, ambazo nyingi ni za juzi, zimechukua sauti zake kwa Waturuki, kwa Wagiriki, na hata katika tango za mikahawani. Wimbo mmoja mashuhuri, Kuando el Rey Nimrod, unasimulia jinsi mfalme Namrudi alivyoona ishara mbinguni ya kuzaliwa kwa Ibrahimu, kisa ambacho wasomaji wa Kiislamu wa nchi hii hawahitaji kuelezwa na mimi.

Mbali na kopla, nani aliimba? Wanawake, nyumbani, pasi na hadhira ya kulipa. Mama aliimba romansa akimbembeleza mtoto, au akikanda unga, wala hakuhitaji chombo. Arusini walialikwa wanawake wapigaji wa dufu, wakamwimbia bibi arusi alipopelekwa kuoga na alipoonyeshwa mavazi yake. Na matangani ziliimbwa nyimbo za maombolezo ambazo, nje ya msiba, wanawake wengi walikataa kuziimba, hata mtafiti alipowasihi, kwa kuchelea kuuita msiba ndani ya nyumba. Hapa ndipo ilipo hoja yangu yote. Wimbo wa namna hii hauishi kwa sababu ni mzuri, ijapokuwa ni mzuri. Unaishi kwa sababu una mnasaba wake, siku yake na mtu wake, na mnasaba ukiondoka wimbo hubaki kama ufunguo wa nyumba iliyobomolewa.

Kwa hiyo kundi dogo linapoziimba leo jukwaani, watu watatu au wanne wenye udi, ganuni, fidla na dufu, linafanya kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Udi na ganuni zina haki ya kuwapo, kwani mijini mwa Uthmaniya waimbaji wa Kisefaradi walijifunza maqamu zile zile walizozitumia wanamuziki wa Istanbul na Kairo, na msikilizaji wa Unguja, ambaye taarabu yake husimuliwa kuwa ilianza pale Sultani Barghash alipompeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza, na ambaye klabu yake ya Ikhwan Safaa iko tangu mwaka 1905, atazijua sauti hizo kabla hajaambiwa. Lakini romansa ya mama wa Rhodes haikuwa na udi. Alberto Hemsi, aliyezaliwa Anatolia mwaka 1898, akasomea muziki Milano na kuanza kukusanya nyimbo hizi mwaka 1920, Rhodes ikiwa miongoni mwa alikozikusanya, alizichapisha pamoja na piano, na tunamshukuru kwa dhati, maana baadhi ya vinywa alivyovisikiliza vilinyamazishwa baadaye. Walakini piano haina sauti zile zilizo kati ya noti na noti, ambazo maqamu nyingi haziwezi kuwa maqamu bila ya hizo, na kila aliyeziimba kutoka katika vitabu vyake tu aliimba nusu ya jambo. Ninalipenda zaidi kundi linaloacha sauti moja itembee peke yake, dufu likiishika mkono pale tu inapohitaji. Kundi la Voice of the Turtle la Boston, watu wanne waliojikusanya mwaka 1978, liliimba kwa miaka mingi kwa uangalifu mkubwa. Kadhalika Flory Jagoda, mzaliwa wa Bosnia aliyezipokea nyimbo kwa bibi yake na kuzipeleka Marekani, alipotunga Ocho Kandelikas mwaka 1983 hakuficha kwamba ni utungo wake, ijapokuwa umma umekwisha kuuhesabu kuwa wa kale. Kundi lililo aminifu huwaambia watu hayo: huu ni wa karne ya 15, huu ni wa arusi, huu ulitungwa juzi.

Nimeyaandika haya nikiwa nawaza Simiyu. Katika nchi ya Ntuzu, pamba ikiisha kuvunwa na vumbi la Juni likaanza, ngoma hutoka: Bagika upande huu na Bagalu upande ule, vyama viwili vya mashindano ambavyo wenyewe huvinasibisha na Ngika na Gumha, kila kimoja kikijitahidi kuvuta umati wa mwenzake, na wigashe, ambayo waimbaji wake huimba wameketi, na bugobogobo, ambayo jembe ni sehemu ya ngoma. Msikilizaji wa Kisefaradi angeshangaa kwa jambo moja, nalo ni kwamba ningi, mtunzi na kiongozi wa wimbo, anasifiwa kwa kuleta wimbo mpya kila msimu, na kwa kumchoma mpinzani wake kwa maneno ambayo hayajapata kusikika, ilhali bibi wa Rhodes alisifiwa kwa kutoongeza neno. Kwa sababu hiyo hiyo hasara yetu ni ya haraka zaidi. Wimbo wa bibi ulikuwa katika vichwa mia. Wimbo wa ningi wa mwaka wa njaa, au wa mwaka bei ya pamba ilipoanguka, ulikuwa katika kichwa chake na vya wenzake wa msimu ule, na wao wanazikwa.

Si kwamba hakuna aliyefanya kitu. Kule Bujora, Kisesa, Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, aliweka tangu miaka ya 1950 makumbusho na uwanja ambako ngoma hukutana kila mwaka katika sikukuu ya Bulabo, na mwanachuoni Frank Gunderson alichapisha mwaka 2010 kitabu kikubwa chenye nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300. Lakini Bujora iko Mwanza, na kitabu kile ni cha Kiingereza.

Basi namwomba msomaji wa Nkololo, wa Dutwa, wa Ngulyati, na popote mkoani ambako yuko mzee aliyekuwa ningi au bibi aliyeimba arusini: nenda umsikilize, na kabla hujaandika maneno ya wimbo andika mnasaba wake, mwaka alioukumbuka, kijiji, aliyemfundisha, na kama ulikuwa wa Bagika au wa Bagalu. Kisha mwombe auimbe mara mbili, peke yake, bila ngoma. Naomba kazi hiyo ianze kabla ya mavuno yajayo.