Je, Wajua? Protini Hubaki Kwenye Machicha

Je, wajua kwamba ukifungua majedwali ya chakula ya FAO, lile shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, utakuta pombe imepangwa orodha moja na maharage, samaki na maziwa? Kila nchi imepigiwa hesabu: mtu mmoja kwa siku anapata gramu ngapi za protini kwenye nafaka, ngapi kwenye nyama, na ngapi kwenye vileo. Tarakimu za vileo huwa ndogo mno, nyingi zinaanzia nyuma ya nukta. Lakini zipo, na mtu alilipwa mshahara kuzipiga.

Kwenye visiwa vidogo hesabu hiyo huyumba. Shelisheli ina wakazi laki moja na ushei, na wageni zaidi ya laki tatu hushuka huko kwa mwaka. Bia aliyoinywa Mjerumani ufukweni, ukiigawa kwa wenyeji peke yao, mwenyeji anaonekana mlevi na amelishwa vizuri kwa wakati mmoja. Ndiyo maana siku hizi majedwali yale yana fungu la kutenga kinachotumiwa na watalii.

Kasulo, huku Ngara mkoani Kagera, haina ufukwe. Ina barabara ya kwenda mpaka wa Rusumo, malori, na Benaco, jina lililoachwa na kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, kisha dunia nzima ikalijua mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipovuka daraja la mpakani kwa mamia ya maelfu. Na kama ilivyo Kagera nzima, ina migomba. Basi swali la FAO huku linageuka: kwenye kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, mna protini kiasi gani?

Tuanze na inavyotengenezwa, maana jibu limo humo. Ndizi za pombe si zile za kupika. Huivishwa shimoni au juu ya jiko, zikipigwa na moshi, mpaka ziwe laini na tamu. Kisha humenywa na kutiwa kwenye gogo lililochongwa. Wahaya huliita obwato, yaani mtumbwi, na kweli ukilitazama unaona kama linasubiri ziwa. Hapo zinachanganywa na nyasi. Mtu anaosha miguu, anaingia, anakanyaga. Nyasi zile hazijawekwa kwa urembo: zinashika nyama ya ndizi ili juisi ichuruzike peke yake. Bila nyasi mkanyagaji atatoka na uji unaonata hadi magotini. Waganda wameipa pombe ya namna hii jina lisilo na maficho: mwenge bigere, pombe ya miguu.

Sasa angalia. Gramu 100 za ndizi mbivu zina protini gramu moja tu, au na kidogo juu yake. Hata hiyo moja haiingii yote kwenye juisi. Sehemu yake imebaki kwenye nyasi. Kinachookoa jahazi ni mtama. Hukaangwa, husagwa, na unga wake hunyunyizwa kwenye juisi ili ichachuke na ipate rangi, na mtama una protini kama gramu 10 kwa kila gramu 100. Kwa hiyo protini ya rubisi, hiyo kidogo iliyopo, sehemu kubwa haikutoka mgombani. Mtama unaopendwa kwa pombe ni ule mwekundu wenye uchungu, ambao hata ndege huutazama mara mbili kabla ya kuudonoa.

Halafu binadamu, kwa mkono wake mwenyewe, anaukimbia unga ule. Anakunywa kwa mrija! Mrija wa pombe huwekewa kichujio chini kusudi chenga zisipande mdomoni. Rubisi inapanda safi, protini inabaki imetuama chini ya kibuyu. Wanywaji wa mbege kule Kilimanjaro, ambayo ni ndizi na kimea cha ulezi, wana nafuu kidogo: kata yao haina mrija, na pombe inanywewa na uzito wake.

Kwa bia ya kiwandani, chupa ya nusu lita ina protini kama gramu 2. Mtu wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 50 kwa siku. Piga mwenyewe: chupa 25. Kiganja kimoja cha dagaa wakavu, gramu 20 hivi, kinazishinda chupa tano, na hakimwangushi mtu mtaroni.

Hizo gramu 2 unaweza kuziona kwa macho. Ndizo zinazoshikilia povu. Protini za shayiri hujipanga kwenye ukuta wa kila kiputo na kukizuia kisipasuke, na adui yao mkubwa ni mafuta. Ukitaka ushahidi, kaa na mtu anayekula nyama choma bila kufuta midomo. Funda la pili tu, povu lake limelala.

Na hata namna ya kupima protini imetoka kwa watengeneza bia. Mwaka 1883 Johan Kjeldahl, mkemia wa maabara ya kampuni ya Carlsberg huko Copenhagen, alibuni njia ya kupima naitrojeni iliyomo kwenye nafaka, maana shayiri yenye protini nyingi kupita kiasi huharibu bia. Kiasi cha naitrojeni huzidishwa kwa 6.25, protini inapatikana. Maziwa ya unga, maharage, unga wa lishe wa watoto: vyote vimepitia njia ya Kjeldahl.

Gongo je? Sifuri. Protini ni nzito, haipandi na mvuke. Ukichemsha rubisi upate kilicho kikali zaidi, kila kilichokuwa chakula kinabaki kwenye pipa. Mtaalamu wa lishe Mwingereza B. S. Platt, aliyewahi kufanya utafiti Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, aliandika mwaka 1955 kuzitetea kidogo pombe za kienyeji, lakini hoja yake ilisimama kwenye vitamini B, ambazo kimea na hamira huziongeza kwenye nafaka. Naye alizungumzia pombe nzito isiyochujwa wala kukenekwa.

Basi protini imekwenda wapi? Muulize mwenye ng'ombe wa maziwa anayeishi karibu na kiwanda cha bia, anayepanga foleni na magunia yake alfajiri. Shayiri ikishakamuliwa utamu wake, yanabaki machicha, na machicha yakikauka yana protini gramu 20 au zaidi kwa kila 100, mara mbili ya nafaka yenyewe. Mnywaji kachukua sukari iliyogeuka kileo, ng'ombe kachukua protini. Jioni anakamuliwa, na nusu lita ya maziwa yake ina gramu 16, sawasawa na bia nane.