Tuzo ya wema: tumsifu mtoto bila kumnunua



Mnaijua siku ya proklamasio, mwanzo wa Julai. Direkta anasoma asilimia, majina yanaitwa, vigelegele vinapigwa, mama anammwagia mtoto wake poda kichwani. Ni furaha ya haki. Lakini kwenye buleteni kuna pia mstari wa mwenendo, na huo hakuna anayeupigia vigelegele.

Ndiyo sababu nilifurahi mwaka wa masomo 2023-2024, wakati wamama wa kikundi cha mtaa wetu hapa Bukavu walipokuja kuniona. Ninafundisha mwaka wa tatu wa msingi. Walisema: "Madamu, tuko na pesa kidogo ya likelemba. Tunataka tuzo kwa watoto wenye roho nzuri." Niliitikia haraka, na nilianza vibaya.

Nilibandika orodha ukutani. Kila tendo jema lilipata nyota moja, na nyota tano zilileta kaye na biki. Wiki mbili darasa liling'aa. Wiki ya tatu mvulana mmoja aliniletea biki: "Madamu, nimeiokota." Mwenye biki alikuwa analia. Baadaye nikajua kwamba ni yeye mwenyewe aliyeitoa katika mfuko wa mwenzake, ili airudishe. Alibakiza nyota moja tu. Nilipofungua kaye yake, nikakuta imekwisha kurasa zote; alikuwa anaandika pembeni, juu ya masomo ya zamani.

Siku ile sikumchapa wala kumfukuza. Aliomba radhi kwa mwenzake, naye akasamehewa. Mwenye kosa kubwa nilikuwa mimi, niliyegeuza wema kuwa soko na kumlazimisha mtoto mwenye shida kupita sokoni humo.

Nilirudi kwenye mambo tuliyosoma ISP. Mwaka 1973, kwenye shule ya watoto wadogo ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, watafiti waliwaahidi watoto cheti kama watachora. Siku za baadaye watoto wale walichora kidogo kuliko wenzao. Waliopewa cheti kilekile bila kuahidiwa mbele, hamu yao haikupungua. Mwaka 2008 Felix Warneken na Michael Tomasello, nchini Ujerumani, walijaribu na watoto wa miezi 20 waliomsaidia mtu mzima kuokota kitu. Waliopewa zawadi kila mara walipunguza kusaidia. Walioshukuriwa kwa maneno tu waliendelea.

Basi tulibadilisha mambo manne.

Kwanza, hakuna kuahidi wala kuhesabu. Orodha niliiondoa ukutani.

Pili, mtoto hajisemei. Kila Ijumaa anayetaka anasimama na kusema wema aliotendewa na mwenzake.

Tatu, mwisho wa mwezi wamama wawili wanakuja darasani. Wanasoma tendo lenyewe mbele ya wote, wanampa mtoto karatasi ambamo limeandikwa, na vigelegele vinafuata. Hakuna kitu kingine.

Nne, kaye na biki zinanunuliwa bado, lakini zinakwenda kwa mtoto aliyekosa, kimya kimya, bila kuuliza kama ni mwema. Yule mvulana alikuwa wa kwanza kupata.

Katika darasa langu kulikuwa msichana aliyetoka Kalehe. Mnakumbuka mafuriko ya Mei 2023 huko Bushushu na Nyamukubi, yaliyoua watu zaidi ya 400. Alikuwa anakaa kwa shangazi yake, na darasani alikuwa haongei. Ijumaa moja alisimama, akamwonyesha msichana wa nyuma: "Huyu alinipisha mahali pake karibu na dirisha. Mvua ikinyesha, ninaogopa nisipoona inje."

Mimi mwalimu sikuwa nimejua. Niliona tu kwamba wamebadilishana mahali, na nilikuwa karibu kuwagombeza.

Yule msichana wa nyuma, asilimia zake hazifikaki 50. Mama yake anauza makala sokoni, na kila alipoitwa kwenye masomo ilikuwa kwa ajili ya makosa. Siku ya karatasi alikuja na wasiwasi. Tulipomaliza kusoma, aliomba tusome tena.

Bibi mmoja wa kikundi alituuliza: "Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Sasa nyinyi munafanya sherehe ya nini?" Ni swali zuri. Mtenda wema aende zake, asingoje malipo. Lakini methali haikumwambia aliyetendewa anyamaze, wala aliyeona afumbe macho. Sisi tuliobaki ndio mashahidi.

Vikundi vinavyotaka kujaribu, msingoje pesa. Mwendeeni mwalimu, mwombeni nusu saa kwa mwezi. Waulizeni watoto nani aliwasaidia, na angalieni kwamba wale wanyamavu na wale wa mwisho darasani wanasikilizwa pia.

Na nyumbani, leo jioni, usiseme tu "wewe ni mtoto mzuri." Mwambie ulichoona: "Nimeona umemgawia mdogo wako mandazi, na wewe ulikuwa na njaa." Mtoto akijua kwamba wema wake umeonekana, hatahitaji kuiba biki ili airudishe.